Bendi Imeahidiwa, Mitamba Wauzwe?

Shangazi, mimi ni mfugaji, na kijiji chetu kinapakana na Ranchi ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam anaoa mwezi wa Agosti, sherehe itafanyika hapa nyumbani, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Bila kutuuliza, amewaahidi wenzake wa kazini kwamba itapiga bendi kamili kutoka Dar. Meneja wa bendi anataka fedha yote mbele, kwa simu. Michango iliyoingia haifiki hata nusu ya bei, kwa hiyo mdogo wangu anasema tuuze mitamba wanne wa familia. Mzee amekataa katakata. Anasema ngoma ya Kigogo ilimtosha yeye alipooa, itamtosha na mwanawe. Mama analia, anaogopa aibu mbele ya wageni. Nikikubali nimemkosea baba. Nikikataa, mdogo wangu atasema namwonea wivu. Nifanyeje?

Mwenyekiti, Kongwa

Mwanangu,

Mitamba wasiuzwe. Mtamba ndiye maziwa na ndama wa miaka ijayo, na dansi litakwisha alfajiri. Kama mzee ataridhia kutoa mnyama kwa hiari yake, basi awe maksai, na awe kitoweo cha wageni.

Ahadi ni deni, na deni lina mwenyewe. Mwite mdogo wako muongee wawili tu, kabla kamati haijakaa. Mtajie kiasi ambacho kamati inaweza kutoa kwa muziki, kisha mwambie kinachozidi ni juu yake, na kiwe mkononi mwezi mmoja kabla ya harusi. Akiwa nacho, bendi na ije, wala usimnunie. Asipokuwa nacho, wenzake ataongea nao mwenyewe.

Ila kwanza mfahamishe anachonunua, maana wengi hudhani bei ya bendi ni bei ya nyimbo. Bendi kamili ya dansi ina magitaa ya solo, rizimu na besi, kinanda, drams, tumba, tarumbeta, waimbaji, wanenguaji na mafundi mitambo. Watu wote hao wasafiri mamia ya kilomita na gari la vyombo nyuma yao, wale, walale, kisha warudi. Umeme unaotosha taa na redio unaweza kuyumba spika kubwa zikiwashwa, kwa hiyo jenereta na dizeli ya akiba havikwepeki. Muulize meneja yapi kati ya hayo yamo ndani ya bei, na yapi mtadaiwa papo hapo uwanjani.

Kuleta kitu kikubwa kutoka mbali bila kupima mazingira ya hapo ni somo ambalo wazee wa Kongwa hawahitaji kufundishwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapo mradi wao mkubwa wa karanga, na matrekta yake, bila kuisikiliza vya kutosha ardhi wala mvua yenu. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa.

Ushauri wangu ni bendi ndogo kutoka Dodoma mjini, ya wapigaji watano au sita, wale wanaopiga kopi za nyimbo za wengine hotelini. Wakiwapigia wageni nyimbo za bendi za Msondo na Sikinde, hakuna wa Dar atakayebaki kitini. Kabla yao, kina mama wa kijijini wafungue uwanja kwa ngoma ya Kigogo ya muheme. Mzee wako hakutaja kitu duni: mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka mkoa huo huo wa Dodoma, akafikisha zeze na marimba ya Kigogo kwenye majukwaa ya Ulaya. Na hao kina mama muwalipe, tena kwa fungu lililoandikwa kwenye bajeti, si kwa soda na ahsante.

Bendi yoyote mtakayochukua, usitume fedha yote kwa simu kwa mtu usiyemjua. Nenda na mjumbe mmoja wa kamati mkawasikilize wakipiga, kisha muandikiane: tarehe, saa za kupiga, idadi ya watu, nani analipa usafiri, na fedha inarudi vipi wasipotokea. Lipeni sehemu ya kushika tarehe, sehemu vyombo vikishashushwa uwanjani, na iliyobaki baada ya wimbo wa mwisho. Kuhusu kibali, anzia kwa mtendaji wa kijiji. Yeye atakueleza kama barua ifike polisi na kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Halafu panga siku kwa saa za mifugo. Bendi ikianza saa kumi jioni itapigia viti vitupu, kwa kuwa vijana bado wako malishoni. Ianze saa mbili usiku, ng'ombe wakishafungwa na kukamuliwa. Spika zikae mbali na zizi na zielekee upande mwingine; ng'ombe wakishtuka usiku huvunja boma. Agosti ni vumbi tupu, basi uwanja umwagiwe maji mchana.

Jambo la mwisho ni la mzee. Waimbaji wa dansi wamezoea kumsifu anayewatuza. Ukiwaachia, usiku kucha yatatajwa majina ya wageni wenye noti, na mwenye nyumba asisikie lake. Wape karatasi mapema: jina la baba yako liwe la kwanza, kisha mama, wajomba, na wazee wa upande wa bibi harusi. Wenye noti wafuate. Mweleze mzee mpango huu wote kabla ya kikao, ukiwa umekaa chini mbele yake. Nadhani anakataa zaidi kupitwa nyumbani kwake kuliko anavyokataa gitaa.

Shangazi