Kifua kikuu na seli inayonyimwa kifo chake

Seli za mwili wako hufa kila siku kwa mabilioni, na ni heri. Seli iliyochakaa hujikunja, hujigawa vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, kisha jirani zake huvimeza bila uvimbe wala homa. Kifo hiki cha kupangwa kiliitwa apoptosisi mwaka 1972.

Sasa mwingize bakteria wa kifua kikuu. Akivutwa kwa pumzi hadi ndani ya mapafu, humezwa na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kula vijidudu. Lakini hauawi. Hukizuia kifuko alimofungiwa kisiungane na vifuko vyenye asidi, akaishi humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Makrofaji iliyoshindwa hubaki na silaha moja: kujiua kwa mpango. Vipande vyake, pamoja na bakteria waliomo, huliwa na seli nyingine ambazo hupeleka alama za adui kwa seli T, na kinga huamka mapema. Njia hiyo ndiyo bakteria anayoiziba. Mwaka 2007 watafiti waliondoa jeni yake moja, nuoG: seli zilizoambukizwa zikajiua kwa wingi zaidi, na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Baadaye, bakteria wakishajaa, seli hupasuka ovyo na kuwamwaga nje. Hapa wengi wetu huchanganya darasani: bakteria huyu hapingi kifo, anapinga kifo safi.

Wengine humo mwilini karibu hawagawanyiki, na dawa huwapata polepole. Zamani tiba ilichukua mwaka na nusu au zaidi. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki na Zambia, yaliyotangazwa mwaka huohuo wa 1972, ndiyo yaliyoonyesha kuwa miezi 6 inatosha ukiongeza rifampisini au pirazinamidi. Miezi 6, si mpaka kikohozi kikome. Kikohozi hupungua baada ya wiki chache tu, na hapo ndipo vijana huacha vidonge.

Ramadhani nayo si sababu ya kuacha. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kwa kuwa dozi ni moja kwa siku, muulize daktari kuhusu saa ya kumeza. Hapa Masaka, anayekohoa wiki mbili aende kituo cha afya au amwone mjumbe wa afya wa mudugudu wake. Dawa za kifua kikuu Rwanda ni bure.