Kioo Baridi Hakibadilishi Mwanga

Ndugu aliyeko Brussels amekutumia mashine ndogo ya mwanga ya kuondoa nywele. Imefika Kasongo ndani ya begi la msafiri, na kwenye boksi imeandikwa kwamba kioo chake ni cha baridi. Kabla hujaiwasha, tafuta kwenye karatasi zake chati ya rangi za ngozi. Kama rangi yako imepigwa alama ya X, irudishe kwenye boksi. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wetu wa Kasongo na Kabambare tumo upande wa X.

Kanuni ya mashine hizi ilielezwa mwaka 1983 na madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Marekani: mwanga hutafuta rangi, rangi huugeuza kuwa joto. Rangi inayotafutwa hapa ni melanini, ule weusi wa unywele. Lakini melanini hiyohiyo imejaa katika ngozi yetu ya juu, nayo huunasa mwanga kabla haujafika kwenye mzizi. Kioo baridi hupoza ngozi na kupunguza maumivu, basi; hakizuii melanini kuunasa mwanga. Ndiyo maana wataalamu wanaotibu ngozi nyeusi hupendelea leza ya nanomita 1064, ambayo melanini huinyonya kidogo. Usijaribu kufidia rangi ya ngozi kwa barafu: ngozi itakufa ganzi, na maumivu ndiyo yangekuambia uache.

Mwenye saluni, mteja aliyejichubua mkatalie. Mashine yenye kihisi cha ngozi hupima rangi tu; itamwona mweupe na kumruhusu, kumbe ngozi yake imechoshwa na krimu. Usimulike pia juu ya baka jeusi wala tatuu.

Kwa aliyeruhusiwa na chati, sasa kagua upoozaji. Ndani ya mashine nyingi za namna hii mna kibao chembamba: umeme ukipita, uso mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Uso wa moto umeegemea chuma chenye mapezi, na feni hulitoa joto nje. Likishindwa kutoka nyuma, baridi ya mbele haidumu. Kwa hiyo hewa ya moto matunduni ni dalili njema. Cha kuogopa ni kioo kupata joto. Iache iwake dakika chache, kisha gusisha kioo upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Katikati ya kazi simama, ukipime tena.

Adui wa feni huku kwetu Wamaza, Kabambare, ni vumbi jekundu la kiangazi. Chomoa mashine, safisha matundu kwa brashi laini iliyo kavu, na ukiishika usiyazibe kwa kiganja. Fanya kazi asubuhi, si chini ya bati saa nane mchana, maana feni haina hewa nyingine ya kuvuta ila ile ya chumbani. Jenereta ikiyumba, sikiliza: sauti ya feni ikilegea, acha.

Nywele zinyolewe kwanza, zising'olewe. Zikiachwa ndefu huungua na kuacha masizi kwenye kioo, na masizi hayo huwa moto juu ya ngozi. Anza na sehemu ndogo, kwa nguvu ya chini kabisa, ungoje siku mbili.

Ukiungua, mwagia maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno. Malengelenge usiyatumbue. Nenda kituo cha afya, na mashine uibebe waione.