Dondoo muhimu: Taa ya nyuma ya baiskeli, usiruke rezista
Anayeondoka Kariakoo usiku kwa baiskeli, akishika Msimbazi, mara nyingi hutegemea kiakisi chekundu peke yake. Hakitoshi: kiakisi hung'aa kinapomulikwa tu, na bajaji yenye taa mbovu haimuliki kitu. Jitengenezee taa kwa LED nyekundu tatu na betri tatu za AA, yaani volti 4.5, mguu mrefu wa kila LED uelekee chanya, na kila moja iwe na rezista yake ya omu 150. Wapo wanaoona rezista ni gharama bure. Sivyo, kwani LED nyekundu hutumia volti 2 hivi, na pasipo kizuizi umeme unaozidi huiunguza. Kwa mpango huu kila LED hupata miliampea 17 hivi, na betri nzuri za alkali hudumu zaidi ya saa 30. Maungio yazibwe kwa silikoni kabla ya masika.