Kijana, Bunduki na Ukomavu wa Ubongo: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wazazi wa Rungwe

Kila mwaka, baada ya mitihani ya kidato cha sita, vijana wa Rungwe huitwa pamoja na wenzao wa nchi nzima kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Wengi wao wana umri wa miaka 18 hadi 20. Huko hufundishwa kwata, ukakamavu, uzalendo na matumizi ya silaha. Wazazi wa Tukuyu wanaoagana nao stendi wana swali ambalo mara nyingi hulifikisha kwa mganga wa zahanati: je, kijana wa umri huo amekomaa kiasi cha kukabidhiwa bunduki? Makala haya yanalitazama swali hilo kwa upande wa elimu ya tiba.

Umri wa sheria na umri wa mwili

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa kuwachukua vijana kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu watoto katika mapigano ya silaha imeweka umri huohuo kuwa mpaka wa kuandikishwa kwa lazima.

Mpaka huo ni wa lazima, kwa kuwa sheria haiwezi kumpima kila mtu peke yake. Hata hivyo, mwili haufuati kalenda ya serikali. Usiku wa kuamkia siku ya kutimiza miaka 18 hakuna jambo jipya linalotokea katika ubongo.

Ubongo wa kijana unavyokomaa

Uchunguzi wa ubongo kwa mashine za MRI umeonesha kwamba sehemu zake hazikomai kwa pamoja. Sehemu za ndani zinazohusika na mihemko, raha na hamu ya kujaribu mambo huwa na nguvu mapema katika ujana. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia msukumo wa ghafla, huendelea kujengeka hadi katikati ya miaka ya ishirini.

Haifuati kwamba kijana wa miaka 18 hana akili. Akiwa ametulia, akiwa na muda wa kufikiri, uwezo wake wa kuelewa maagizo na kupima hoja unakaribia sana ule wa mtu mzima. Tofauti hujitokeza pale anapokuwa na hasira, hofu, aibu, uchovu au pombe mwilini, au anapotazamwa na wenzake. Katika utafiti wa Margo Gardner na Laurence Steinberg uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005, washiriki walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wale wa miaka 13 hadi 16, na pia wale wa miaka 18 hadi 22, walijihatarisha zaidi walipokuwa na marafiki zao kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima zaidi, athari ya marafiki ilikuwa ndogo.

Matokeo hayo ni wastani wa makundi. Hakuna picha ya ubongo inayoweza kumwambia daktari kwamba kijana fulani anafaa kushika silaha na mwingine hafai. Kwa hiyo swali lenye manufaa zaidi ni hili: kijana huyo anashika silaha katika mazingira gani, na chini ya usimamizi wa nani?

Funzo kutoka jeshi la Israel

Nchini Israel vijana wengi huingia jeshini wakiwa na miaka 18, na zamani waliporudi nyumbani mwisho wa wiki walikwenda na bunduki zao. Mwaka 2006 jeshi hilo lilibadili utaratibu, silaha zikawa zinaachwa kambini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa askari hao vijana vilipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu huo ulitokana hasa na siku za mwisho wa wiki.

Umri wa vijana haukubadilika, wala mafunzo yao. Kilichobadilika ni urahisi wa kuifikia silaha katika saa ya uchungu. Msukumo wa kujiua mara nyingi huja kwa kasi na kupita. Bunduki iliyo karibu haimpi mtu nafasi ya kuupita.

Desturi ya Wanyakyusa

Wazee wa Rungwe walilijua jambo hili kwa njia yao. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana walivyoanza kujenga kijiji chao wenyewe wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Vijana hao walipigana ilipolazimu, lakini chini ya uongozi wa watu wa rika la baba zao. Madaraka ya utawala na ulinzi yalikabidhiwa kizazi kipya katika sherehe ya ubusoka, wakati walio wakubwa miongoni mwao walikuwa wamevuka miaka thelathini. Kijana aliaminiwa mkuki mapema. Uamuzi wa vita ulikawia kumfikia.

Wajibu wa mhudumu wa afya na mzazi

Kijana anapofika kupimwa afya kabla ya kuripoti kambini, mhudumu asiishie kwenye uzito na shinikizo la damu. Aulize, kwa faragha, kuhusu usingizi, huzuni ya muda mrefu, pombe na bangi, kifafa, na kama amewahi kufikiria kujiua. Kumwuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Mwenye dalili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Makandana au Mbeya.

Mzazi asifiche ugonjwa wa mtoto kwa kuona aibu au kwa kuhofia atakosa nafasi. Kifafa au sonona iliyofichwa ni hatari kwake na kwa wenzake kwenye uwanja wa shabaha.

Kanuni hiyo inahusu pia nyumba zisizo na bunduki. Katika wilaya ya wakulima wa chai, ndizi na viazi, kitu cha hatari kilicho karibu zaidi ni sumu ya kuulia wadudu. Ifungiwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima.

Kwa hiyo, kijana wa miaka 18 anaweza kujifunza silaha na kuitumia kwa nidhamu akiwa na msimamizi karibu, amelala vya kutosha, na silaha ikirudi ghalani kila baada ya zoezi. Kuachwa nayo peke yake, akiwa na hasira au huzuni, ni mzigo ambao ubongo wake bado haujawa tayari kuubeba. Kumwepusha nao ni kazi ya wakubwa wake.