Dagaa, Jua na Mifupa ya Watoto

Samaki wa baharini huishi ndani ya hazina ya kalsiamu: kila lita ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400. Sehemu kubwa huivuta kwa matamvua. Vitamini D, inayosaidia kuisimamia kalsiamu hiyo mwilini, hawaipati kwa jua kama binadamu, bali kwa chakula kinachoanzia kwenye viumbe vidogo vinavyoelea baharini.

Ndiyo maana dagaa wanaoanikwa Unguja hubeba vyote viwili: vitamini D katika mafuta na kalsiamu katika mifupa. Kipande cha jodari kina vitamini D, lakini mifupa hubaki sahanini, na kalsiamu nayo.

Vitamini D ikipungua, utumbo wa mtoto hufyonza kalsiamu kidogo tu. Mifupa hulainika na miguu hupinda matege. Vichochoro vya Mji Mkongwe, baina ya nyumba ndefu, hupitisha jua haba, na mtoto anayeshinda ndani hulikosa kabisa.

Wazazi wanahimizwa kuwapa watoto dagaa pamoja na mifupa yao, wakisagwa kwa walio wadogo, na kuwatoa juani. Mtoto mwenye dalili za matege apelekwe mapema kituo cha afya kuchunguzwa.