Bustani ya Mawe Huokoa Udongo wa Boma

Boma likiwa mteremkoni, mvua ya vuli inaweza kusomba udongo hadi msingi wa nyumba ubaki wazi. Bustani ya mawe hupunguza hasara hiyo na kupendezesha ua.

Kabla ya mvua kuanza Oktoba, mwenye boma huchimba mtaro mfupi unaokata mteremko. Mawe makubwa hupangwa humo, theluthi moja ya kila jiwe ikizikwa, nalo likiinamia upande wa juu. Mianya hujazwa kokoto ili maji yapite polepole.

Nyuma ya mawe hupandwa mishubiri, inayostahimili ukame, na mchaichai, ambao mizizi yake hushika udongo.

Mawe yasichukuliwe mtoni: ndiyo yanayozuia kingo zisimomonyoke.