MZIGO UKIPOTEA NDEGENI, TULALAMIKE VIPI?

Katika somo hili tutajifunza namna ya kulalamika kwa kampuni ya ndege mpaka isikie. Pengine mmoja wenu atasema, "Ndege ni mambo ya matajiri, sisi hapa ni matatu na bodaboda." Ngojeni kwanza. Siku hizi vikundi vyetu vinauza vyondo na vinyago nchi za nje, na watoto wetu wanakwenda Arabuni kutafuta kazi. Mzigo mmoja ukipotea, ni jasho la watu wengi limepotea.

Yaliyotupata sisi

Mwaka wa 2023 tulimtuma mama mmoja wa kikundi chetu Ujerumani na vyondo 40 vya maonyesho. Yeye alifika, mzigo haukufika. Ulikuja baada ya siku 6, maonyesho yamekwisha, na vyondo 15 vimelowa maji na kuota ukungu.

Je, tulifanya nini? Tulikosea. Pale uwanjani mama aliambiwa, "Nenda tu, tutakupigia simu," naye akaenda bila karatasi yoyote. Aliporudi tukapiga simu na kupandisha sauti. Halafu tukaandika barua ya kurasa nne: jinsi tulivyoteseka, jinsi ukame ulivyotubana, jinsi kampuni ile isivyojali wanawake wa kijijini. Yote yalikuwa kweli. Lakini hatukutaja nambari ya tiketi, wala tarehe, wala pesa tulizodai. Tukajibiwa, "Poleni kwa usumbufu." Basi, ikaishia hapo.

Kijana mmoja wa hapa kwetu, karani, ndiye aliyetufungua macho. Tuliandika barua ya pili, ukurasa mmoja tu, siku ya 19 tangu mzigo upokelewe. Tulilipwa ada ya meza ya maonyesho na nguo alizolazimika kununua, kwa sababu risiti zilikuwapo. Lakini vile vyondo 15 vilivyoharibika hatukulipwa hata senti. Tulikuwa tumechelewa.

Sheria inasema nini?

Safari za ndege za kutoka nchi moja hadi nyingine zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya ni mwanachama. Shikeni siku hizi:

- Mzigo umeharibika: lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee.
- Mzigo umechelewa: ndani ya siku 21 tangu uupate mkononi.
- Siku 21 zimepita tangu siku uliyopaswa kufika na bado haujaonekana: unaweza kuudai kama mzigo uliopotea.
- Kwenda mahakamani: kabla ya miaka 2 kwisha.

Malipo nayo yana kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha mizigo kinakaribia dola 2,000 za Marekani kwa kila msafiri. Si kwamba utapewa zote. Utalipwa hasara unayoweza kuithibitisha. Tena angalieni: kikomo ni cha msafiri, si cha kikundi. Mali ya wanawake 20 ikienda kwa jina la mama mmoja, kikomo ni cha mtu mmoja. Kama mali ni ya thamani kubwa, mwambieni karani wa kaunta kabla ya kuondoka, aandike thamani yake. Huenda mkatozwa ada zaidi, lakini kikomo kitapanda.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya safari, katibu aandike orodha ya vitu na bei zake. Pigeni picha kwa simu.
2. Tunzeni tiketi na kile kikaratasi chenye nambari ya mzigo. Si takataka hicho!
3. Mzigo ukikosekana au ukiwa umeharibika, msitoke uwanjani kabla ya kujaza fomu ya mzigo na kupewa nakala. Maneno ya mdomo hayatoshi.
4. Wekeni risiti za kila kitu mlichonunua kwa sababu ya shida hiyo.
5. Andikeni barua fupi mapema. Msitukane. Anayeisoma si yeye aliyepoteza mzigo, na huenda ndiye atakayewasaidia.
6. Bakini na nakala, na uthibitisho wa siku mliyoituma.
7. Mkinyamaziwa, kumbusheni mara moja. Wakizidi kunyamaza, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, pamoja na nakala zote. Msiogope. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi wa huduma haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma.

Mfano wa barua

"Nilisafiri kwa ndege yenu nambari ... tarehe ... kutoka Nairobi hadi ... Nambari ya tiketi ni ... na ya mzigo ni ... Mzigo wangu ulichelewa siku ... Nilipata hasara ya shilingi ... kama risiti hizi zinavyoonyesha. Naomba mnilipe kiasi hicho. Tafadhali nijibuni kabla ya tarehe ..."

Hiyo inatosha. Kama kampuni ni ya nje, mwombeni mwalimu awasaidie kuiandika kwa Kiingereza.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulilipia somo hili kwa vyondo 15. Ninyi mmelipata bure, basi litumieni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Barua yetu ya kwanza ilikosa mambo gani?
2. Kwa nini hatukulipwa vyondo vilivyoharibika?
3. Katika kikundi chenu, nani anatunza risiti na nakala za barua? Kama hakuna, mchagueni leo kabla ya kufunga mkutano.